Damu ya Bwana Picha

Kazini walimwita Jicho, na hakuna aliyekumbuka nani alianza. Huenda ni shoga yake wa maabara, mwanamke mnene wa kicheko ambaye yeye mwenyewe aliitwa Redio kwa sababu hazimwi. Jicho hakuwa na macho makubwa wala mazuri kuliko ya watu. Alikuwa na macho yenye subira. Aliweza kukaa kwenye stuli yake ndefu mbele ya hadubini akatazama kitu kimoja mpaka kitu chenyewe kikaona haya kikajisema.

Na kitu chenyewe kilikuwa damu. Watu wakipatwa na ajali ya mionzi, siku ile ya kwanza mara nyingi hawana jeraha la kuonyesha. Mionzi haina harufu, haina moshi, haipigi kelele. Mtu hurudi nyumbani akala, akalala, akaamka anacheka, na huku ndani yake kuna kitu kimekatika. Daktari anataka kujua kimekatika kiasi gani. Huyu aende zake, au alazwe leo hii kabla uboho wa mifupa yake haujanyamaza? Mgonjwa mwenyewe hajui, na pengine kipimo alichopaswa kukivaa hakikuwa mwilini. Basi huulizwa damu. Damu haina haraka ya kujibu, lakini hujibu.

Jicho alipenda kuieleza kazi yake kwa mfano wa cherehani, kwa kuwa mama yake alikuwa fundi nguo. Ndani ya seli, alisema, mna nyuzi fupi fupi ziitwazo kromosomu, na kila uzi una mahali pamoja palipobanwa kama kiuno. Mionzi ikipita hukata. Seli ni fundi mwema lakini ana papara: huokota vipande na kuvishona upesi upesi, na mara nyingine hushona mkono wa shati hili kwenye bega la shati lile. Hapo ndipo unapopatikana uzi mmoja wenye viuno viwili. Kazi yake ilikuwa kuzitafuta nyuzi za namna hiyo, seli baada ya seli, mamia kwa mamia, kisha kuilinganisha idadi na mchoro wa maabara, ule unaoonyesha kwamba damu iliyopigwa na mionzi kiasi hiki huharibika hivi, na iliyopigwa kiasi kile huharibika vile.

Mchoro huo ulitokana na damu ya mtu, na mtu huyo sasa alikuwa mumewe.

Zamani, maabara ilipokuwa changa, walihitaji damu ya mtu mzima wa afya ambaye hajawahi kugusa kazi ya mionzi. Siku ile walikuwa wamekuja vijana wa mafunzo kupimwa afya kabla ya kuanza kazi yao ya kupiga picha mabomba. Mkuu wa maabara akauliza nani atajitolea. Kila mmoja akatazama viatu vyake kana kwamba ndivyo vilivyoulizwa. Mmoja, mrefu kupita kiti alichokalia, akainuka anakunja mkono wa shati.

"Chukueni tu," alisema. "Damu ninayo nyingi, kazi ndiyo sina."

Jicho ndiye aliyeshika sindano.

"Unaniumiza," yule mrefu alisema.

"Sijaanza."

"Najua. Nakuonya mapema."

Damu yake iligawanywa kwenye vichupa, vichupa vikapigwa mionzi kwa viwango mbalimbali, na Jicho akakaa sehemu kubwa ya mwaka anahesabu. Kwa hiyo alimjua ndani kabla hajajua anapenda chai yake vipi. Aliona kwamba mojawapo ya nyuzi zake ndogo ilikuwa na kishungi kichwani, kinachoning'inia kwa kikonyo chembamba, kirefu kuliko cha watu wengine. Hakikuwa ugonjwa. Ni alama tu ya kurithi, kama baka shavuni. Mwenye damu alikuwa anapita mara kwa mara kuijulia hali damu yake, na damu iliyomo kwenye vichupa haihitaji kujuliwa hali kiasi kile.

"Una kishungi," Jicho alimwambia siku moja.

"Kibaya?"

"Hapana. Ni cha ukoo."

"Mama yangu atafurahi. Siku zote husema baba hakuniachia kitu."

Walipooana, Redio alisema mbele ya wageni wote, "Wenzenu hupendana kwa macho, nyinyi mmependana kwa mafuta ya hadubini." Wageni hawakuelewa, lakini walicheka, maana Redio alikuwa ameshaanza kucheka mwenyewe.

Mume akaanza kazi, na kazi ikampa jina la Bwana Picha. Mafundi wakishaunga bomba kwa moto, yeye huja na kidonge cha mionzi ndani ya kasha zito, akakipitisha kwenye kiungo na kupiga picha ya ndani ya chuma, ili kuona kama pana ufa uliojificha. Mama yake hakukubali kuliita hilo kazi ya picha. "Amepiga picha mabomba yote ya dunia," alisema. "Mimi mama yake kanipiga moja tu, nayo nimefumba macho."

Bomba huenda, na mpiga picha hulifuata. Lilivuka nyanda, likapanda vilima, likaingia mahali ambapo kwenye ramani hapakuandikwa kitu. Bwana Picha alirudi nyumbani kipande kimoja cha bomba kilipokwisha na kingine hakijaanza. Nyumba ilikuwa ya vyumba viwili na jiko, na ndani yake wanawake wawili, mke na mama mkwe, wakimngoja mwanamume mmoja, kila mtu kwa njia yake. Mama mkwe alingoja kwa mdomo. Jicho alingoja kwa mikono. Alifua shuka ambazo hazikulaliwa. Alikaza skrubu za kiti ambacho hakuna aliyekikalia. Upande wa pili wa kitanda aliweka nguo zilizokunjwa, si kwa kukosa kabati, ila kitanda kitupu kilikuwa kinampigia kelele.

Kwenye simu mume alimsimulia mbingu za kule, upepo, na jinsi bomba linavyolia asubuhi jua linapolipasha moto. Sauti yake ikawa changa. Jicho alisikiliza huku ameegemea ukuta wa jikoni, na mwishowe alisema neno lile lile: "Haya, jitunze." Wakati mmoja, akiwa nyumbani, mume alitaja kwamba karakana ya kampuni hapa mjini ina nafasi ya mtu wa kukagua vifaa. Aliitaja anakula, macho kwenye sahani. Jicho alidhani anamfurahisha tu.

"Wewe si mtu wa kufungiwa ndani," alimwambia.

Mume akaendelea kula. Karakana ikapata mtu mwingine.

Hivyo ndivyo miaka ilivyokwenda. Angeulizwa anataka nini duniani, Jicho angejibu jibu moja, ila aliyepaswa kumuuliza alikuwa mbali, na yeye hakuwa mtu wa kusema bila kuulizwa.

Habari ya ajali ilifika asubuhi, chai bado iko mezani. Mkuu wa maabara alikuwa mzee mpole mwenye mazoea ya kufuta miwani kila alipokuwa na jambo zito, na asubuhi ile aliifuta, akaivaa, akaivua akaifuta tena. Huko kwenye bomba, alisema, kidonge cha mionzi kimekatika kwenye waya wake kikabaki ndani ya mrija kinamopita badala ya kurudi kwenye kasha. Hakuna aliyejua. Kikosi kimekunja mrija, kikaupakia garini, kikasafiri nao huku wanaimba. Beji zao za kupimia mionzi zilikuwa kwenye makoti, na makoti waliyaacha kambini kwa sababu ya joto. Jioni mmoja wao aliwasha kipima mionzi kuona kama betri zimekwisha, nacho kikalia kama paka aliyekanyagwa.

"Wameletwa hospitali, wote," Mkuu alisema. "Damu zao zinakuja hapa mchana."

"Kikosi kipi?" Jicho aliuliza.

"Sikuambiwa. Wala sitakiwi kuambiwa."

Vikosi kwenye bomba lile vilikuwa kadhaa. Jicho alitoka nje ukumbini akapiga simu. Haipatikani. Lakini simu ya Bwana Picha kutopatikana haikuwa habari. Kupatikana ndiyo ilikuwa habari. Akarudi ndani.

"Mkuu, mume wangu yuko kwenye bomba hilo."

"Najua yuko huko. Kama ni mmoja wa hawa, sijui mimi, na wewe hujui. Vichupa vina namba tu, na unajua kwa nini."

Alijua. Majina hubaki hospitali ili mtu asihesabu kwa huruma wala kwa chuki.

"Wahesabuji ni nyinyi wawili tu," Mkuu aliendelea, akimtazama na Redio, "na madaktari wanasubiri. Ukijua, inuka hapo hapo uniambie. Usipojua, kaa ufanye kazi." Kisha akawaambia jambo la mwisho, kwa kuwa lilihusu uangalifu wao. Hospitali na kampuni zimekubaliana mpaka wa kiasi cha mionzi. Atakayeuvuka, hata akiwa mzima wa kutembea, hatagusa tena kazi ya mionzi maishani. Ataletwa mjini, apewe kazi nyingine.

Jicho aliyasikia maneno hayo, akainama, akaanza kupanga vichupa.

Damu huwekwa kwenye maji yenye chakula cha seli, ikatiwa dawa ya kuziamsha chembe nyeupe, kisha ikafungiwa kwenye kabati la joto kwa muda wa siku mbili mpaka seli zianze kugawanyika, maana nyuzi huonekana wakati huo tu. Hakuna ujanja wa kuziharakisha. Redio alisema seli ni kama wakwe, ukizisukuma zinakaa chini.

Nyumbani, mama mkwe alikuwa anachambua mchele kwenye sinia.

"Mwanangu kapiga?"

"Bado, mama. Mtandao wa kule unaujua."

"Mtandao, mtandao. Zamani mwanamume akipotea tulisema ana mwanamke. Siku hizi mnasema mtandao."

Jicho akacheka.

"Umecheka kwa meno tu, mkwe wangu. Kuna nini?"

"Kazi nyingi."

"Kazi gani, na kutwa umekaa unatazama damu za watu! Ingekuwa mimi ningeitazama ya mume wangu peke yake, nijue imeelekea wapi." Akatupa kijiwe dirishani. "Mwambie arudi bwana. Mimi nikimwambia anasema mama kazeeka. Wewe ukimwambia anasemaje?"

"Sijawahi kumwambia, mama."

Mkono wa mama mkwe ulisimama kwenye mchele. "Tangu mwoane?"

"Anapapenda kule. Nikimwita atakuja, halafu atakaa hapa kama ndege kwenye tundu."

"Ndege! Yule mwenye miguu kama nguzo za simu? Huyo si ndege, mwanangu. Mimi ndiye niliyemzaa, ningeona manyoya. Huyo ni mtu, na mtu huambiwa."

Jicho alichukua sinia akaenda kuuosha mchele, akauosha mpaka maji yakawa meupe kuliko mchele wenyewe.

Seli zilipokuwa tayari walizisimamisha kwa dawa, wakazidondosha kwenye vioo, wakazipaka rangi ya zambarau. Mapazia yakashushwa. Jicho na Redio wakaketi kila mmoja kwenye hadubini yake, mkono wa kulia kwenye kirungu cha kulengea, kile cha kuweka picha wazi, wa kushoto kwenye kihesabio, ambacho kila kikibonyezwa hulia tik. Vioo vya mwanzo vilikuwa safi. Nyuzi zilikaa vizuri, kiuno kimoja kimoja, kama watoto waliooshwa. Redio akaanza kuimba.

Kisha Redio akaacha kuimba, na Jicho akajua pana jambo.

"Njoo utazame," Redio alisema.

Jicho alitazama. Karibu kila seli ilikuwa imeraruka. Viuno viwili, vipande visivyo na kiuno, nyuzi zilizojifunga zikawa pete. Hiyo ilikuwa damu ya mtu aliyekaa karibu sana na ule mrija, pengine aliupakata. Wakati Mkuu akikimbilia simu kuwaambia madaktari waanze kuukinga uboho wake bila kungoja, Jicho alikuwa bado ameinama, anatafuta jambo lake. Alipita seli hii na ile. Hakuna kishungi. Pumzi ikamtoka. Halafu aliona haya kwa pumzi ile, kwa kuwa damu hii nayo ilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe alikuwa na mtu wake mahali, anayekaza skrubu za kiti.

Alirudi kwenye stuli yake akaweka kioo kilichofuata, akadondosha tone la mafuta, akashusha lenzi.

Kwanza alifikiri ni vumbi. Akasogeza kwenye seli nyingine. Kilikuwapo. Akasogeza tena. Kishungi kile, kimening'inia kwa kikonyo chake, kimeinama upande kama mtu anayesikiliza nyuma ya mlango.

Hakuwaza mionzi. Mtu angedhani ataogopa kwanza, lakini hofu ilikuwa nyuma na furaha ilikuwa mbele. Aliwaza: uko hapa. Umekuja mjini na hukuweza kuniambia. Muda wote ule alikuwa amemsikia kwa sauti tu, sauti inayokatika katika, na sasa alikuwa naye kwenye mzunguko wa mwanga usiozidi kichwa cha sindano, karibu naye kuliko mtu yeyote anavyoweza kuwa karibu na mtu. Zambarau ilimpendeza. Alikaribia kumsalimu.

Ilimpasa ainuke. Alisema moyoni: seli moja tu, halafu nainuka. Akatazama moja. Kisha nyingine. Alikuwa kama mtu anayeaga mlangoni, kila akisema "haya" anakumbuka jambo jingine.

Akaona uzi wa viuno viwili. Ulikuwa wa kweli, hauna shaka. Tik. Hofu ikafika sasa, ikaketi. Akaendelea. Safi, safi, safi. Baada ya nyingi akakuta mwingine wa kweli. Tik. Akapiga hesabu kichwani, maana mchoro ule alikuwa anaujua kama njia ya kwenda jikoni kwake. Hatakufa. Hataugua hata. Kwa mwendo huu hataufikia ule mpaka, ila hatakuwa mbali nao. Nyuzi chache tu zaidi za viuno viwili, na Bwana Picha ataletwa mjini, moja kwa moja, bila kuombwa na mtu.

Kwenye seli iliyofuata nyuzi mbili zilikuwa zimepishana. Kila anayejifunza kazi hii hukosea hapo. Nyuzi mbili nzima, kila moja na kiuno chake, zikiangukiana juu ya kioo, huonekana kama zimeungana. Jicho alikuwa amewafundisha wengi wasidanganyike: msihesabu mpaka mjue. Alizitazama. Zilifanana na uzi wa viuno viwili. Mtu angeapa.

Tik.

Sauti ilikuwa ndogo. Hata Redio hakugeuka. Jicho alikaa na kidole bado kwenye kihesabio, na kwa muda mfupi alimwona mumewe mlangoni na begi, mzima, na kiti kinachosubiri. Kisha vidole vya mkono wa kulia, kwa mazoea tu, vikazungusha kirungu cha kulengea, kidogo sana. Uzi mmoja ukatoka kwenye ukungu. Mwingine ukabaki ukunguni. Hazikuwa kitu kimoja. Mmoja ulikuwa juu, mwingine chini, umelazwa tu.

Jicho akainuka.

"Mkuu," alisema, "mwenye kioo hiki namjua."

Mkuu alivua miwani. "Umemjuaje?"

"Ana kishungi. Ndiye wa mchoro." Alimeza mate. "Na nimebonyeza moja ambayo si yake. Zilipishana."

"Wewe? Kwa nini?"

"Nilimtaka nyumbani."

Mkuu alienda kwenye kihesabio, akakirudisha kwenye sifuri kwa kidole chake mwenyewe, akakichukua kioo akakiweka kwa Redio. Kisha akavaa miwani bila kuifuta.

"Nenda kaoshe vyombo," alisema, bila ukali.

Sinki lilikuwa ukutani, hatua chache nyuma ya Redio. Jicho alitia mikono kwenye maji. Redio aliinamia hadubini, akahisi macho mgongoni.

"Usinitazame kama nimekuibia. Namhesabu tu, siolewi naye."

"Hesabu basi."

"Kishungi kweli. Loh, hata kwenye damu ana urefu usio na sababu."

Jicho alicheka, na kicheko kikamtoka na machozi, naye akayaacha yaingie sinkini. Aliosha glasi moja muda mrefu. Kwa sauti ya kihesabio alijua shoga yake amefika wapi. Tik ya kwanza, ile ya kweli. Kimya kirefu. Tik ya pili. Halafu pakawa na kimya cha namna nyingine, cha mtu aliyesimama, na Jicho akajua Redio yuko kwenye seli ile. Aliacha kuosha. Maji ya bomba yalikuwa yanakwenda na yeye hakuyafunga.

"Hizi zimelaliana tu," Redio alisema taratibu.

"Ndiyo," Jicho alijibu. "Zimelaliana."

Redio akasogeza kioo mbele.

Majibu yalipokwenda hospitali, majina yakafunguliwa. Aliyeupakata mrija alikuwa msaidizi wa kikosi, na kwa sababu damu yake ilikuwa imesema mapema, madaktari walikuwa wameshaanza kumtibu. Bwana Picha alikuwa chini ya mpaka. Apumzike nyumbani, apimwe tena, kisha yuko huru kurudi kazini.

Mama mkwe aliingia wodini kwanza, anamsema mwanawe kabla ya kufika kitandani. "Umekonda. Umepigwa mionzi hata akili hukupata? Na simu yako iko wapi?" Alipomaliza kumkagua mikono na masikio, kama mtu anayenunua punda, alisema anakwenda kutafuta maji ya kunywa, na chupa yake ilikuwa imejaa.

Mume alisogea kitandani ili mkewe aketi.

"Wanasema niko salama."

"Najua."

"Umejuaje?"

"Nilikuona." Akamweleza. Alimweleza kishungi na zambarau, na jinsi alivyochelewa kuinuka. Kisha akamweleza ile tik. Hakumtazama wakati wa kusema. Alitazama ukingo wa shuka. "Nilikutakia ubaya. Si mwingi. Kidogo tu, wa kukuleta."

Kwenye kitanda cha jirani mtu alikohoa. Bwana Picha aliushika ukingo ule ule wa shuka.

"Siku ile ya karakana," mume alisema, "nilikutajia nione utasemaje."

"Nilidhani unanifurahisha."

"Nami nilidhani umezoea bila mimi. Kila nikipiga unasema jitunze. Nilisema moyoni, huyu amepanga maisha yake vizuri, mimi nikija namvurugia shuka."

"Nivurugie," Jicho alisema.

Mume alikaa nyumbani muda wa mapumziko yake. Nguo zilizokunjwa zilihamia kabatini. Kiti kilikaliwa, kikalegea, na hakuna aliyekikaza. Asubuhi mume alisimama jikoni anazuia njia, na mama mkwe akalalamika kwamba nyumba imekuwa ndogo, kwa sauti ya mtu anayeomba izidi kuwa ndogo. Lakini karakana haikuwa na nafasi, na yule msaidizi hatarudi tena kwenye bomba, na wapya walioletwa hawajui kukisikiliza kidonge kinavyorudi kwenye kasha lake. Mtu lazima awaonyeshe. Bwana Picha alilisema hili akiwa ameshika mkono wa mkewe, na Jicho aliona ni kweli, na kwamba mumewe hakupenda iwe kweli.

"Kipande hiki kikiisha," mume alisema.

"Usiniahidi. Bomba hujui litaishia wapi."

Gari la kampuni lilikuja kumchukua kulipopambazuka. Jicho alivaa kanga, akatoka mpaka barabarani, akamfungia zipu ya begi ambayo ilikuwa imefungwa. Dereva aliwasalimu kisha akaanza kuutazama usukani kama kitu kipya.

"Nakutaka hapa," Jicho alisema, na dereva anasikia. "Nenda, ila uende ukijua."

Mume alimshika kichwa kwa mikono yote miwili, akakiacha.

Kazini siku ile alihesabu vizuri. Redio alimletea chai, hakusema neno, jambo ambalo lilimtisha kila mtu maabara. Jua lilipokuwa linashuka, simu ikalia, na sauti ikaja imekatika katika, na upepo nyuma yake.

"Nimefika, mke wangu."

"Umefika salama?"

"Salama. Wanakusalimu."

"Rudi," Jicho alisema.

Mume akacheka. "Ndiyo kwanza nashusha begi!"

"Najua. Rudi."

Kicheko kikapungua kikaisha. Upepo ukapita kwenye simu, mrefu, wa mahali pasipo na miti. Jicho aliegemea dirisha la maabara, hakusema jitunze, na upande wa pili hakuna aliyekata.

"Nimesikia," mume alisema.